Karata za Billie Dawn

Kuna onyesho moja katika Born Yesterday (1950) ambalo nimelirudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Judy Holliday, akiwa Billie Dawn, anacheza karata na Harry, tajiri wa vyuma chakavu aliyemleta Washington. Hawaongei cha maana. Billie anapanga karata zake chap chap, anajiimbia kidogo, halafu anaziweka mezani. Ameshinda. Tena. Harry, ambaye hufokea kila mtu, anabaki kudaiwa.

Sasa, wengi huisimulia hii filamu hivi: msichana mjinga anatafutiwa mwanahabari wa kumfunza, anasoma vitabu, anavaa miwani, anaerevuka. Kwani hiyo mechi hawakuiona? Inakuja mapema, masomo hayajamgusa bado. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo pengine nina kesi ya kibinafsi na hadithi yoyote inayodai akili huletwa na mwalimu. Lakini si mimi niliyeweka zile karata pale. Script inasema Billie anajifunza. Mikono ya Holliday inasema alikuwa anahesabu tangu zamani, ila hakuna aliyemuuliza.

Holliday mwenyewe hakupitia chuo kikuu. Alianza kwa kupokea simu kwenye swichibodi ya Mercury Theatre, New York. Mwaka wa 1946 Jean Arthur alijitoa kwenye mchezo wa Born Yesterday kabla haujafika Broadway, na yeye akapewa siku chache tu kuimeza nafasi hiyo. Akawa staa. Bado Harry Cohn, bosi wa Columbia, hakumtaka kwenye filamu. Ilibidi kwanza ang'ae katika Adam's Rib (1949), kando ya Katharine Hepburn. Halafu akachukua Oscar mbele ya Bette Davis na Gloria Swanson.

Mwaka wa 1952 aliitwa na kamati ndogo ya Seneti iliyokuwa ikisaka wakomunisti. Alijibu kama Billie: kuchanganyikiwa kidogo, kutojua kidogo. Hakumtaja mtu. Mashabiki hupenda kusema hilo ndilo igizo lake bora, na nilikuwa nikicheka pia. Siku hizi linanikera. Jukwaani aliigiza ujinga ili tumwone Billie vizuri. Pale aliuigiza ili asionekane kabisa. Na ilifaulu kwa sababu wale wazee walikuwa tayari kuamini kwamba mwanamke mwenye sauti ile hawezi kuwa anajua kitu.

Hollywood nayo iliendelea kumpa Billie wengine. The Solid Gold Cadillac (1956) inachekesha, sikatai, lakini ni ile ile. Bells Are Ringing ndiyo ilimpa nafasi zaidi: Tony kwa jukwaa, kisha filamu mwaka wa 1960, akiwa mpokea simu anayeingilia maisha ya wateja wake. Hapo anaruhusiwa kuchoka, kupenda, kuimba kwa huzuni. Ndiyo filamu yake ya mwisho. Saratani ya matiti ilimuua Juni 1965, akiwa na miaka 43.