Dakika Kumi Zilizopotea Kwenye 195

Kila nikiirudia filamu ya Jua ya 19 Mei 2007 nakwama palepale, kati ya fremu mbili za chaneli ya 195 (urefu wa mawimbi wa ångström 195). Ukingo wa wimbi linalokimbia juu ya Jua uko hapa, kisha uko kule. Katikati hakuna kitu: dakika 10 tupu. Aliyepanga ziwe tupu alikosea, na miaka yote hii sijasikia utetezi ulionitosheleza.

Mgawanyo wenyewe ulikuwa huu. Kwenye EUVI, darubini ya vyombo pacha vya STEREO, chaneli ya 171 ilipewa picha kila dakika 2.5, na 195 ikaachiwa kila dakika 10. Ilipaswa kuwa kinyume. Wimbi likipita huikandamiza plasma ya korona, angahewa ya nje ya Jua, na kuipasha, na 195, inayoona gesi ya karibu digrii milioni 1.5, ndiyo inayong'aa. Gesi ya 171 ni ya baridi zaidi, karibu milioni moja; ikipashwa, sehemu yake huponyoka nje ya chaneli, na ukingo unabaki hafifu, pengine mweusi kabisa. Hayo hayakuwa mageni mwaka 2007. Wimbi la 12 Mei 1997, lililofungua mjadala wote wa kama haya ni mawimbi kweli, tulilipata kwenye 195 ya EIT, darubini ya chombo cha SOHO. Nadhani 171 ilipendelewa kwa sababu inachora matao ya sumaku vizuri kuliko chaneli nyingine yoyote. Matao yale ni mazuri, sibishi, lakini hayakimbii kilomita mamia kwa sekunde.

Pigeni hesabu. Kwa kilomita 475 kwa sekunde, dakika 10 ni kilomita 285,000, yaani sehemu mbili kwa tano za nusu kipenyo cha Jua. Wimbi linatoka kwa kishindo, linapungua mwendo, linaanza kutawanyika, na yote hayo yanatokea kamera ikiwa imefumba jicho.

Najua jibu linalokuja: kasi hiyo ya 475 ilipatikana kwenye 171 hiyohiyo, ilhali 195 ilitoa 260 hivi. Ndiyo, wimbi moja, siku moja, kasi mbili. David Long na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba picha zikiwa za kuachana sana, kasi husomeka ndogo kuliko ilivyo. Kwa hiyo 171 ilituokoa kwa wingi wa picha tu, na ukingo wake ilibidi utafutwe kwa taabu. Wingi ule ungekuwa kwenye 195, tungepata mwendo na umbo kwa pamoja.

Na hapa narudi kwenye kidonda changu cha zamani. Ile kasi ya kilomita 245 kwa sekunde ya wimbi la 1997 ilipimwa kwa picha zilizoachana kwa zaidi ya dakika 10. EIT ilikuwa na udhuru, maana SOHO ilibanwa na uwezo wa kutuma data. Waliokuja baadaye hawakuwa nao. Waliichukua 245, wakailinganisha na kilomita 1,000 kwa sekunde za mawimbi ya Moreton, yanayoonekana kwenye kromosfia, tabaka lililo chini ya korona, wakatangaza kwamba hili si wimbi. Delannée na Aulanier walikuwa na hoja nzito zaidi, ya kingo zinazosimama mahali pamoja, na hiyo inastahili heshima. Hoja ya kasi haikustahili.

Waliotuonyesha mawimbi hayo, Gail Moreton na Harry Ramsey, pale Lockheed mwanzoni mwa miaka ya 1960, walikuwa na filamu na darubini ya ardhini tu. Lakini walielewa kwamba kitu kinachokimbia hupigwa picha kwa kasi yake, wakafanya hivyo. Uchida naye, mwaka 1968, aliona kwa hesabu kwamba wanachokitazama kwenye kromosfia ni pindo la wimbi lililoko juu kwenye korona, miaka 29 kabla ya 12 Mei 1997.

Tukio hilohilo la 2007 lilizaa ugomvi mwingine. Gopalswamy na wenzake walisema mwaka 2009 kwamba wimbi liligonga tundu la korona, eneo lenye giza kwenye korona, likarudi nyuma. Mwaka uliofuata Attrill akajibu kwamba kurudi huko ni mazingaombwe ya kutoa fremu moja kutoka nyingine. Ugomvi wa namna hiyo hustawi palipo na picha chache. AIA, darubini mpya zaidi ya Jua, ilipofika mwaka 2010, ilipiga picha kila sekunde 12: fremu 50 ndani ya dakika zilezile 10. Tarehe 15 Februari 2011 wimbi likafika tena kwenye tundu, na safari hii tukalitazama likigonga.