Masako Hailaliwi Makiso

Mliokuwa barabara ya zamani ya Buta wiki zile mbili mliiona wenyewe ile Land Cruiser nyeupe. Saa mbili na nusu asubuhi, jua limeshawaka, inapanda kwenda hifadhi ya Masako wakati kila mtu mwenye shughuli anateremka kuja mjini Kisangani: baiskeli zimebebeshwa makaa mpaka mwenye baiskeli haonekani, kina mama na mafurushi ya sombe kichwani, mwenye toleka, baiskeli ya abiria, kapakia mkungu wa ndizi na mtoto juu yake. Gari linapiga honi, baiskeli zinaingia majanini, watu wanasubiri lipite. Ndani wamo vijana wanne wa chuo, nguo safi, chai ya hoteli tumboni, na shefu wao, mkuu wa msafara, kiti cha mbele. Mitego yao ya panya msituni ilikuwa inawangoja tangu alfajiri.

Niseme mapema nisije nikaonekana nazunguka mbuyu. Kosa lililoharibu kazi yao halikuwa la mitego, wala la mvua, wala la dereva kama ilivyoandikwa kwenye ripoti yao. Kosa lilifanyika siku ya kwanza, Bangoka, nje ya uwanja wa ndege, na halikuchukua dakika tano.

Nilikuwapo. Juma moja kabla, nilikuwa nimewapatia nyumba kijijini, ukingoni mwa hifadhi: vyumba viwili vya udongo, paa limezibwa, ua umefagiwa, na mama mwenye nyumba ameshaweka ndizi za lituma. Mkubwa wa kijiji alikuwa na habari. Shefu akashuka na mkoba wa kompyuta kifuani, akanisalimu vizuri, akauliza habari za nyumbani na akasikiliza jibu mpaka mwisho. Mama mwenye adabu, sina neno naye hapo. Kisha akasema: “Papa, tumebadilisha kidogo. Vijana wanahitaji umeme, na mambo ya usalama. Tutalala Makiso, kando ya mto. Ni kilomita kumi na nne tu.”

“Mama, na mitego?”

“Mitego tutaikuta asubuhi, Papa. Haitembei.”

Ni kweli, mitego haitembei. Wanaotembea ni siafu.

Lakini kwanza nishughulike na hiyo “tu”. Nimeipigia kelele “tu” hii kwa miaka, na wanaonisoma wameshanichoka, lakini nitairudia. Mgeni wa mji mkubwa akitafuta pa kulala hufungua ramani, huweka kidole alipo na kidole anapokwenda, huhesabu kilomita, basi kamaliza. Hahesabu saa. Hajiulizi kati yake na kazi yake, katika saa ambayo kazi inaanza, kuna nani na kuna nini. Kilomita 14 saa sita mchana, barabara imekauka, ni safari ya kupiga hadithi. Kilomita hizo hizo saa kumi na moja alfajiri, baada ya mvua ya usiku, mlinzi wa hoteli amelalia ufunguo wa geti, ni nchi nyingine kabisa. Na mvua ya Kisangani mnaijua, haina msimu wa kuiamini. Mji unapata zaidi ya milimita 1,600 kwa mwaka na hautangazi ni lini.

Turudishe mkanda nyuma, asubuhi ya kawaida. Saa kumi na mbili mwanga unaanza kupenya chini ya miti. Hapo ndipo mtu wa panya anapaswa kuwa amesimama kwenye mtego wa kwanza. Hotelini saa hiyo jiko limefungwa. Saa moja, chai. Saa moja na dakika ishirini, dereva hajafika, kwa sababu analala Mangobo na pikipiki aliyopanda imepata pancha. Wageni wanalala Makiso, dereva analala Mangobo, mitego inalala Masako. Kazi moja, vitanda vitatu. Saa mbili kasoro robo wanaondoka, wanajaza mafuta, wanasimama kununua mikate na dagaa wa kopo, maana kijijini hakuna aliyeachiwa fedha ya kuwapikia. Saa tatu kasoro kumi wamefika. Dakika ishirini za kutembea. Mtego wa kwanza unafunguliwa saa tatu na robo, wa mwisho saa tano.

Siku ya nne niliufungua mtego wa 17 kwa mkono wangu. Ulikuwa umejifunga, mlango umeshuka sawasawa, lakini nilipouinua nikausikia mwepesi mno. Ndani mlikuwa na mkia, kipande cha ngozi ya mgongo, na siafu wawili wenye vichwa vikubwa waliobaki nyuma kama watu wa kufagia baada ya karamu. Kijana mwenye daftari akaniuliza aandike nini kwenye safu ya spishi. Mkia ulikuwa mrefu, ungeweza kuwa wa Praomys, lakini panya hatambuliwi kwa mkia. Unataka fuvu, unataka meno, unataka uzito. Akaandika: “umejifunga, mtupu.” Nikamwambia si mtupu, umeliwa, na kati ya maneno hayo mawili imo tofauti yote ya utafiti. Akanitazama, akamtazama shefu, akaacha alivyoandika.

Mstari wa mashamba yaliyolala ulikuwa na balaa lake. Kule hakuna kivuli, na mtego wa Sherman ni sanduku la bati. Jua la saa nne likilipiga, kilichomo ndani kinaiva. Na nyavu za popo, ambazo zilibebwa kwenye ndege kwa kulipiwa uzito wa ziada, hazikufunguliwa hata usiku mmoja, kwa kuwa saa kumi jioni gari lilitakiwa liwe limegeuza kabla giza halijaingia.

Mitego yenyewe walipanga vizuri, umbali sawa, chambo cha nyama ya chikichi, namba zimeandikwa kwa rangi isiyofutika. Hongera.

Sasa hoja zake, maana hakuamua kwa kichaa. Umeme. Wakaaji wa hapa mcheke kidogo, kisha tuendelee. Mji una maporomoko yake na kituo chake cha umeme juu ya mto Tshopo, mashine tatu, na bado mnajua delestaje, mgawo wa umeme, inavyozunguka vitongoji kama mchungaji anayetembelea waumini. Hoteli ya kando ya mto inawasha jenereta saa kumi na mbili jioni na kuizima saa nne usiku. Kwa saa nne za kuchaji kompyuta, msafara mzima ulihamishwa mbali na wanyama uliokuja kuwahesabu. Paneli moja ya jua na betri ya gari vingemaliza shauri hilo, na vyote viko soko kuu.

Usalama ni hoja nzito zaidi, na siwezi kuidharau. Aliyekuwa hapa Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita katikati ya nyumba za watu ambao hawakuwa wa upande wowote, hachagui nyumba ya upande wa daraja la Tshopo kwa moyo mwepesi hata leo. Ninao ndugu wasiotaka kulala kaskazini ya mji mpaka kesho. Lakini shefu hakuwa anazungumzia hilo. Alikuwa na orodha ya ofisi yake inayosema hoteli ni lazima iwe na ukuta na mlinzi, na ofisi hiyo haijawahi kufika kilomita ile ya 14. Kijijini watu 30 wanajua umelala chumba kipi, na mbwa wanajua pia. Hotelini anajua mlinzi mmoja, naye tumeshasema ufunguo ameulalia.

Na kama kijiji kilimshinda kabisa, mji wenyewe una komini sita, si Makiso peke yake. Upo ukingo unaotazama barabara ya zamani ya Buta. Kabondo kuna nyumba za wageni za kawaida, ndoo ya maji, chandarua, basi. Unalala na dereva ua mmoja, saa kumi na moja mnaondoka. Ingekuwa uchaguzi wa pili, lakini uchaguzi. Lubunga tusiitaje, ng'ambo ya mto, ingawa nimewahi kumwona mtu mzima akiichagua kwa bei nafuu na kushinda asubuhi zake kwenye pirogi.

Hapa ndipo wazee wanaponirudia kichwani. Mwaka 1951 John Huston alikuja Stanleyville, jina la mji huu hadi 1966, kupiga filamu ya The African Queen. Alikuwa na Humphrey Bogart, alikuwa na Katharine Hepburn, watu ambao hoteli yoyote ya mjini ingewapa ghorofa nzima. Mto alioutaka ulikuwa Ruiki, kusini. Hakuwalaza mjini akawa anawasafirisha. Watu walivuka ng'ambo ya kushoto, wakapanda treni ya Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, na wakajengewa kambi Biondo, karibu na maji yenyewe. Siafu waliivamia kambi ile usiku, tena vibaya. Lakini angalia tofauti: siafu wa Huston waliwakuta watu wakiwa hapo, wakaamka, wakapambana. Siafu wa Masako walikuta mitego imeachwa na wenyewe wako Makiso wanasubiri omleti.

Twende nyuma zaidi. Desemba 1883 Stanley alichagua kisiwa cha Wana Rusari, hapa hapa kwenye maporomoko, akaweka kituo na kumwachia mtu wake, Binnie. Kwa mtu anayetazama meli zinazopanda kutoka chini, kisiwa ni mahali pazuri mno. Lakini meli zilikuja kwa nadra, majirani walikuwapo kila siku, na mwaka 1886 majirani hao walipokosana na Deane, mkuu wa kituo wa wakati huo, kisiwa kiligeuka mtego. Kituo kikateketea, Deane akakimbilia msituni, mwenzake Dubois akafa maji. Mwaka uliofuata Leopold wa Ubelgiji akalazimika kumfanya bwana wa majirani hao, Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, kuwa liwali wa maporomoko hayo hayo. Simsifu kwa biashara yake, maana pembe na watu aliowatoa hapa havisifiki. Ila kwa kuchagua kiwanja alikuwa fundi: watu wake walijenga palipo na njia, mashamba na chakula, na ndiyo sababu mimi na wewe tunasemezana Kiswahili kwenye mto huu.

Na panya wenyewe wana mabwana wao. Profesa wa panya wa Kisangani jina lake Dudu, mzaha ambao wanafunzi wake wameumaliza zamani. Benjamin Dudu Akaibe alitetea tasnifu Antwerpen mwaka 1991 juu ya panya na virukanjia wa Masako. Mwenzake Juakaly akasoma buibui wa ardhini wa msitu huo huo, na hapo napo jina limejitania lenyewe. Hifadhi yenyewe ni ya 1953, hekta 2,105 ndani ya kota la mto Tshopo, msitu wa limbali upande mmoja, mashamba yaliyolala upande mwingine, na kila mwaka mashamba na makaa yanauma kipande. Kazi za watu hao ndizo zilizomleta shefu huku. Amezisoma, amezinukuu kurasa mbili nzima. Sehemu ya mbinu, palipoandikwa mitego hukaguliwa asubuhi na mapema, nadhani aliisoma kama salamu.

Nimesikia wengi wakiniambia: mgeni ni mgeni, mwache aone mto. Sawa, aone mto. Jioni ya Makiso ni nzuri, taa za pirogi, samaki wa wavuvi Wagenia kwenye makaa, bia baridi kama jenereta iko vizuri. Ningempeleka mwenyewe Jumapili. Ninachokataa ni ushauri huu wa jumla unaopita mdomo kwa mdomo kwamba Kisangani unalala Makiso, kwisha, kana kwamba kila anayeshuka Bangoka amekuja kupanga mkataba benki. Fundi wa minara, mnunuzi wa mbao, daktari wa chanjo, mtu wa panya, wote wanaelekezwa kitanda kimoja. Zamani mgeni alimwuliza mwenye toleka kabla ya kumwuliza mwenye hoteli, na mwenye toleka, kwa kuwa miguu ilikuwa yake na mlima ulikuwa wake, alijibu kweli.

Siku ya kumi na moja mvua ilikata habari. Gari lilikwama kwenye matope mchana ule, likatolewa kwa kamba likiwa na nafasi ya abiria watatu tu, kwa vile mizigo ilikuwa imelowa. Vijana wawili wakabaki. Mama mwenye nyumba akawapa kile kile chumba nilichokipanga, kilichokataliwa Bangoka, lituma na samaki wa moshi, na blanketi moja. Saa kumi na mbili kasoro walikuwa mstari wa kwanza na kurunzi. Niliwakuta saa moja kwenye benchi la uani, mizani mbele yao, mifuko ya kitambaa imening'inia kwenye kamba ya nguo, inatikisika. Mifuko tisa. Siku zote kumi zilizotangulia hawakuwa wamezidisha mitatu.

Shefu alifika saa tatu na dakika tano, akaitazama kamba ya nguo muda mrefu. Akaandika. Mwezi uliopita nilipata ujumbe wake wa simu, wa heshima kama kawaida, akiuliza hali ya barabara na afya ya mama wa kijijini. Wanarudi Machi, vijana sita safari hii. Aliomba nipite pale hotelini kando ya mto, niulize kama wanaweza kutoa chai saa kumi na moja.