Kabla Injini Haijapata Joto

Fundi anayejua kazi yake hukubali kukagua gari la mbio la zamani kwa sharti moja: lisiwashwe kabla hajafika. Hufika asubuhi mapema, akafungua boneti na kuweka kiganja juu ya injini. Akikuta uvuguvugu, anajua muuzaji amemtangulia, na ana haki ya kuuliza sababu.

Nazungumzia hasa Subaru Impreza WRX za kizazi cha pili, zilizouzwa tangu mwaka 2000 hadi 2007, ambazo Nairobi bado inazipenda sana. Mapenzi hayo yana asili. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiendesha Impreza, Richard Burns naye akashinda nayo mwaka 2000, katika vumbi na matope ya papa hapa. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka minane, kwa hiyo WRX ya wakati ule inayouzwa leo imekwisha kukaa nchini miaka mingi, na aghalabu imepita mikononi mwa wengi. Si wote walioitunza.

Injini yake imelala: pistoni nne huenda kulia na kushoto badala ya juu na chini. Ikiwashwa ikiwa baridi, mara nyingi husikika mgoto mwepesi wa pistoni zinazocheza ndani ya silinda kwa kuwa bado hazijatanuka. Joto likipanda, mgoto unakwisha, na injini ya namna hiyo inaweza kudumu miaka. Ipo sauti nyingine, nzito, ya beringi za kranki zilizolika. Hiyo hufanya kinyume: kadiri oili inavyopata joto na kuwa nyepesi, ndivyo inavyozidi kusikika, hasa ukipandisha mizunguko hadi karibu 3,000 kisha ukaachia pedali. Sauti ya kwanza humfanya mnunuzi mgeni akimbie gari zuri. Ya pili huenda asiisikie kamwe, iwapo muuzaji atamwashia kwa dakika moja tu. Fundi husimama pale tangu baridi hadi feni ya rejeta ianze kuzunguka, kimya, akitenganisha kwa sikio vitu ambavyo wengi wetu tungeviita kelele tu. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana kompyuta ya kusoma hitilafu haisemi lolote kuhusu beringi iliyolika.

Injini ikishika joto, anageukia tangi dogo la maji ya rejeta. Mapovu yanayopanda mfululizo yanaashiria kwamba gesi ya mwako inapenya kwenye gasketi ya silinda hedi. Akishuku, ana kimiminika cha buluu cha kupimia. Gesi ikiwemo, kinageuka manjano. Kisha huiacha injini ingurume polepole dakika kadhaa, akanyage pedali ghafla na kutazama ekzosi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, pengine kutoka kwenye turbo. Moshi mweupe, mzito, usiokoma, ni maji yanayoingia pasipotakiwa.

Rangi na viti havimchukulii muda. Tairi hukagua zote nne, maana gari hili husukumwa na magurudumu yote, na tairi zisizolingana huiumiza difu ya katikati. Hulizungusha polepole, usukani umekatwa hadi mwisho. Likijivuta kama lililoshikwa breki, difu ina tatizo. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Karakana nyingi za Japani hubandika karibu na injini karatasi ndogo yenye tarehe na kilomita za kazi hiyo. Fundi huisoma, akailinganisha na mita, kisha na mpira wa pedali ya klachi, ambao ni vigumu zaidi kuurudisha nyuma.

Humuuliza mwenye gari petroli anayotia, kwa kuwa WRX za Japani zilitegeshwa kwa petroli ya okteni ya juu ya kwao. Huuliza pia nani aliyegusa programu ya injini. Jibu la kusitasita huliandika kama lilivyo.

Malipo yake huchukua kabla ya kugusa boneti, na ni yale yale akisema nunua au akisema acha. Kwangu huo nao ni ufundi. Mnunuzi ameshalipenda gari tangu alipoliona, muuzaji anataka pesa, dalali anangoja kamisheni. Fundi peke yake ndiye asiyepata wala kupoteza kitu kwa jibu lolote.