Gia ya Meno 127

Mzee aliiendea ile mashine kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Hakusema kitu. Alizunguka nyuma kwanza, akachungulia chini, akarudi mbele, akavua saa ya mkononi na kuitia mfukoni. Mwenye yadi alikuwa akitusimulia habari za mota. Mzee wala hakumsikiliza. Mashine ilikuwa imepigwa rangi ya kijani mbichi mpaka juu ya kibao cha jina. "Rangi hii ni ya kuuzia," aliniambia kwa sauti ya chini, kisha akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya kitanda cha mashine, kule mkiani, akauburuta taratibu kuelekea kwenye chaki, ile inayoshika na kuzungusha chuma kinachochongwa.

Karibu na chaki ukucha ulijikwaa.

"Umesikia?"

Sikuwa nimesikia kitu. Akanishika mkono, akaupitisha ukucha wangu palepale. Kweli, palikuwa na kijingazi chembamba kuliko karatasi ya daftari. Kazi nyingi hufanyika karibu na chaki, kwa hiyo kitanda huliwa hapo, na kule mwisho hubaki kama kilivyotoka kiwandani. Nilidhani atasema tuondoke. Badala yake alipangusa grisi kwenye suruali, akapaangalia kwa muda.

"Hapa kuna mtu amesomesha watoto," alisema.

Kamusi inaiita mashine hii kerezo. Mafundi wenyewe husema mashine ya kuchonga, na kila mtu anaelewa. Lakini kukereza ni neno la zamani kwetu; Pwani walikereza miguu ya vitanda kwa upinde na kamba kabla ya mota yoyote kufika, kisu kikiwa mkononi mwa fundi. Mwishoni mwa karne ya 18, Henry Maudslay wa London alikitoa kisu mkononi, akakifunga kwenye kibebeo kinachosukumwa na skrubu ndefu, na chuma kikaanza kutii vipimo. Hiyo iliyokuwa mbele yetu ilikuwa mjukuu wa kazi hiyo, Colchester ya Uingereza, uzito wake nusu tani hivi, nami nilitaka kuiweka kwenye kibanda cha uani. Mama watoto alikuwa ameuliza swali moja tu: italala wapi kuku?

Mzee alistaafu karakana ya reli hapa Morogoro. Treni ya Wajerumani ilifika mji huu mwaka 1907, ikafika Kigoma 1914, na popote reli ilipokwenda ilibidi karakana ifuate, kwa sababu kipuri kilichovunjika katikati ya pori hakiwezi kusubiri meli. Mtu alipima kilichovunjika, akatafuta chuma, akakichonga kingine. Mzee alifanya hivyo maisha yake yote ya kazi na haoni kama ni jambo la kusimulia. Nikimuuliza, ananijibu habari za korosho zake.

Alipomaliza kitanda akashika chaki kwa mikono miwili, akaipandisha na kuishusha kusikiliza beringi. Akazungusha mpini wa kisu kulia, kisha kushoto, akihesabu kimoyomoyo mpini unazunguka kiasi gani bure kabla kisu hakijasogea. Akaiwasha, akapita gia moja baada ya nyingine, jicho moja amelifumba. (Yadi ina umeme wa njia tatu, nyumbani kwangu ni njia moja, na hilo ni balaa langu jingine.) Halafu akaizima na kuuliza swali lililomshangaza mwenye yadi.

"Gia ya mia na ishirini na saba iko wapi?"

Nami sikuijua. Alinieleza tukiwa tumechuchumaa, akiandika kwa chaki ya ubao sakafuni. Skrubu ndefu ya mashine hii ni ya inchi. Bolti za magari yetu mengi leo ni za milimita. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo inchi tano ni milimita 127 kamili, bila desimali. Ukiingiza gia ya meno 127 kati ya chaki na skrubu, mashine ya Mwingereza inakata meno ya milimita barabara. Gia ndogo zipo za kubabaisha, zinazokaribia tu, lakini 127 haigawanyiki kwa chochote. Darasani tuliiita namba tasa. Mzee akacheka niliposema hivyo. Tasa gani, alisema, iliyozaa bolti zote nilizowahi kukata!

Mwenye yadi alikuna kichwa. Gia zilikuja kwenye kiroba, nyingine zimeshauzwa. Tukatafuta. Yadi ile ni makaburi: pampu za maji zilizotupwa nzima kwa sababu ya bushi moja iliyolika, bushi ambayo fundi angeichonga kabla chai haijapoa. Siku hizi tunanunua pampu nyingine. Kule Hai, Kilimanjaro, nchi iliwahi kujenga kwa msaada wa Bulgaria kiwanda kizima cha kutengeneza mashine za kutengenezea vitu, nacho kikalala miaka mingi. Sisi huku tukajifunza kupima chuma kwa kilo.

Gia tuliipata mlangoni. Ilikuwa imewekwa chini kuzuia mlango wa ofisi usijifunge na upepo. Mzee aliipangusa kwa shati lake, akatia alama ya chaki kwenye jino la kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti, na vijana wawili wa kukata vyuma wakazima gesi kumtazama. Alipofika mia na ishirini na saba kidole chake kilikuwa juu ya alama.

Mwenye yadi akaichukua, akaiweka kwenye mizani. Kilo tatu na kidogo. Akanitajia bei ya skrepa, nikalipa.

Tukitoka tulipita walipokuwa wale vijana. Kitanda cha mashine nyingine, ndugu wa ile yangu, kilikuwa kimekwisha katwa vipande vitatu, ncha zake bado za moto. Mzee aliinama, akaburuta ukucha juu ya kipande kilichokuwa cha upande wa chaki, akarudia tena.

"Hiki hakikuwa kimelika," alisema, akavaa saa yake.