Deraya Isiyovaliwa: Kinga ya Mwaguzi katika Masimulizi ya Bonde la Ufa

Mhakiki wa fasihi simulizi huvutiwa upesi na shujaa asiyepenyeka, kama vile Fumo Liyongo wa pwani au Luanda Magere wa Waluo. Yule awakingaye wengine kwa dawa na maneno huachwa kando. Je, yeye mwenyewe hukingwa na nini?

Mchezo wa Kimarekani wa Dungeons & Dragons, uliotolewa mwaka 1974, ulilijibu swali hilo kwa kanuni: mchawi hakuruhusiwa kuvaa deraya. Kanuni hiyo ilisawazisha nguvu za wachezaji. Masimulizi ya Bonde la Ufa yana mgawanyo unaofanana na huo, ila msingi wake ni mwingine.

Masimulizi ya Wamaasai kuhusu vita vya karne ya 19 yanaeleza jinsi Ilaikipiak walivyoshindwa na Ilpurko, na wapiganaji wao wakatupwa katika shimo la Menengai, juu ya mji wa sasa wa Nakuru. Mvuke utokao humo husemekana kuwa ni roho zao. Oloiboni Mbatian hutajwa katika ushindi huo, lakini si kwa kushika mkuki. Moran hubeba ngao. Oloiboni hubariki, kisha hubaki nyuma. Umbali ndio deraya yake.

Thamani ya umbali huo hudhihirika unapoondolewa. Tarehe 19 Oktoba 1905, katika nchi ya Wanandi, magharibi mwa Nakuru, orkoiyot Koitalel arap Samoei alikwenda kukutana na afisa Mwingereza, Richard Meinertzhagen, kwa mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na kufa. Anayelisoma tukio hili kama ushahidi wa ubatili wa uganga hukosea. Kilichovunjwa hapo ni ahadi ya mkutano, ambayo ndiyo iliyomtoa mwaguzi katika umbali wake. Fimbo zake zilizochukuliwa zilirejeshwa Kenya mwaka 2006, yaani miaka 101 baadaye, ishara kwamba mamlaka yake hayakuzikwa pamoja naye.

Mwaka huohuo wa 1905, Vita vya Maji Maji vilizuka kusini mwa Tanganyika. Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya Kinjeketile (1969), anamchora mwaguzi ambaye maji yake yamewaponyoka wafuasi na yeye mwenyewe pia. Akiwa mikononi mwa Wajerumani, Kinjeketile anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo. Kwake umbali umekwisha. Kinga iliyobaki ni kutolikana neno, na kinga hiyo haiuokoi mwili wake bali haki ya vizazi vijavyo kupigana.

Hivyo basi, kuuliza kama dawa ilizuia risasi ni kuuliza swali la askari. Swali la mhakiki ni nani alilishika neno baada ya mwenyewe kuanguka. Deraya ya mwaguzi haivaliwi mwilini. Hukaa kati yake na wanaomsikiliza, nao ndio wanaoweza kuivua.