Gitaa la kwanza: pesa iende usoni, si mgongoni

Mwaka 1862 fundi wa Hispania, Antonio de Torres, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu. Uso peke yake ndio uliokuwa wa mbao: sprusi, mti wa jamii moja na msonobari. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba sauti hutoka usoni. Gitaa hilo lingali katika makumbusho ya muziki mjini Barcelona, nami humtajia kila anayeniuliza aanzie wapi kuunda gitaa kavu kwa mkono wake. Maana wengi huanza kinyume: wanahangaika kutafuta mpingo au mninga wa kupendezesha mgongo, kisha uso wanaupasua kutoka ubao wowote uliosalia karakana.

Uso una kazi mbili zinazogombana. Nyuzi sita za chuma huuvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, kwa hiyo sharti uwe imara. Papo hapo sharti uwe mwepesi wa kutikisika uzi unapoguswa. Fundi huchukua vipande viwili vya gogo moja, huviunganisha katikati kwa gundi, kisha hushika randa. Hapo ndipo mkono usiozoea huharibu, kwa sababu ugumu wa ubao hufuata unene wake kwa kipeo cha tatu. Ukiuteremsha kutoka milimita 3 hadi 2.4 umeondoa moja ya tano tu ya mbao, lakini karibu nusu ya ugumu imekwenda. Kwa hiyo randa iwekwe chini mapema na kazi imaliziwe kwa msasa, huku ubao ukining'inizwa kwa vidole viwili na kugongwagongwa. Kadiri unavyopungua, mlio wake hushuka. Sikio la kujua pa kuachia huja baada ya magitaa kadhaa. Kwa la kwanza, komea kwenye milimita 2.8 na uridhike.

Chini ya uso hubandikwa mataruma, yaani vijiti vya mbao vya kuutia nguvu. Kwa nyuzi za chuma mpango unaotumika zaidi ni wa umbo la X, uliokomaa katika karakana ya Martin huko Marekani kwenye miaka ya 1840. Kanuni ni ileile: taruma hupunguzwa kimo kwa patasi, kidogo kidogo, na kimo kikipungua kidogo ugumu hupungua sana.

Mbavu huogopwa kuliko zinavyostahili. Ubao wa mkangazi wenye unene wa milimita 2 ukiloweshwa na kuegemezwa kwenye bomba la chuma lenye moto wa kuchemsha tone la maji papo hapo, hulegea na kukubali kupinda. Ukivunjika, unakata mwingine.

Kisichosamehe ni vipimo vya freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole. Katika karne ya 16 Vincenzo Galilei, baba wa mwanasayansi Galileo, alipendekeza kila freti ikate sehemu moja ya 18 ya urefu wa uzi uliobaki. Leo tunagawa kwa 17.817. Tofauti inaonekana ya kuchekesha mpaka upige hesabu. Kwenye uzi wa milimita 650 freti ya kwanza hukaa milimita 36.5 kutoka mfupa wa juu (ule unaobeba nyuzi mwishoni mwa shingo), na ya 12 hukaa katikati kabisa, 325. Kwa kanuni ya 18, ya 12 ingeangukia 322.6, kosa ambalo sikio hulisikia. Kosa kama hilo humpata pia fundi anayepima kila freti kutoka ile iliyotangulia, kwani nusu milimita hapa na nusu pale hujilimbikiza. Pima zote kutoka mfupa wa juu, kwa rula ya chuma.

Halafu mfupa wa chini, ule unaobeba nyuzi juu ya uso, usiuweke kwenye 650 kamili. Uzi ukibonyezwa hukazika na sauti yake hupanda, kwa hiyo mfupa husogezwa nyuma: milimita 2 hivi upande wa uzi mwembamba, 4 au 5 upande wa uzi mnene. Ndiyo maana mfupa wa gitaa la nyuzi za chuma huonekana umelala mshazari.

Sisi wa Dar es Salaam na Mombasa tuna jambo letu la ziada, unyevu. Uso uliobandikwa mataruma siku ya mvua za masika, gitaa likipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, husinyaa kwa upana huku mataruma yakiuzuia, na hupasuka. Weka mbao na mataruma kwenye kabati lenye balbu ya kizamani inayotoa joto, pamoja na kipimo cha unyevu, na usishike gundi mpaka kisome kati ya asilimia 45 na 50.

Mpingo usiutupe. Ni mgumu na mzito, nao unafaa sana kwa ubao wa vidole, mahali ambapo nyuzi na kucha husugua kila siku. Mgongo na mbavu, mkangazi unatosha. Pesa itakayobaki nunulia sprusi nzuri na rula ya chuma.