Maswali Mlangoni Hayazuii Virusi: Kosa la OSHA katika Kanuni ya Juni 2021

Kanuni ya dharura kuhusu UVIKO-19 iliyochapishwa tarehe 21 Juni 2021 na OSHA, wakala wa serikali ya Marekani unaosimamia usalama na afya kazini, ilipanga vizuri mambo ya uingizaji hewa, mpango wa maandishi wa kinga na muda wenye malipo wa kwenda kuchanjwa. Hata hivyo, kifungu kimoja cha msamaha kiliharibu kazi hiyo, kwa kuwa kiliwaacha nje wafanyakazi wengi wa kliniki za meno, yaani watu wanaofanya kazi juu ya kinywa kilicho wazi tangu asubuhi hadi jioni.

Kifungu hicho kiliziondoa kliniki za wagonjwa wa nje zisizo ndani ya hospitali, ilimradi kila asiye mfanyakazi ahojiwe kabla ya kuingia, na mwenye UVIKO-19 au anayeshukiwa kuwa nao asiruhusiwe kupita. Kwa vitendo, karani wa mapokezi aliuliza kuhusu homa, kikohozi na kukutana na mgonjwa, na mgeni aliyekana yote alipita. Msamaha huo ulisimama juu ya dhana kwamba aliyeambukizwa anajijua, ilhali tangu Januari 2021 watafiti wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walikuwa wamekadiria kwamba zaidi ya nusu ya maambukizi hutoka kwa watu wasio na dalili wakati wa kuambukiza.

Mgonjwa alipokwisha kupita, aliketi kitini na kuvua barakoa, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kutibiwa jino. Drili, ambayo huweza kuzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika huku ikipuliziwa maji ya kupoza, hurusha erosoli, yaani chembe laini za maji, mate na damu zinazoelea hewani, na msaidizi anayeshika bomba la kufyonza mate huwa ameinama karibu kabisa na kinywa hicho. Mwongozo wa OSHA yenyewe wa mwaka 2020 uliweka baadhi ya taratibu za meno, zinapofanywa kwa mgonjwa aliyethibitishwa au kushukiwa, katika ngazi ya juu kabisa ya hatari. Mwaka mmoja baadaye, jibu la "sina dalili" likahesabiwa kuwa linatosha kumtoa msaidizi huyo katika ulinzi wa kanuni mahususi.

Watetezi wa msamaha walitaja uchunguzi wa Juni 2020 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani, ADA, uliokuta maambukizi chini ya asilimia 1 miongoni mwa madaktari waliohojiwa. Hoja hiyo inawageukia wenyewe, kwa kuwa karibu wote waliohojiwa walikuwa wameongeza hatua za kinga. Na kinga inayofanya kazi ni sababu ya kuifanya lazima, wala si sababu ya kuiachia hiari ya mwajiri.

Upendeleo huu kwa kliniki za meno una historia. Kliniki za meno zimo katika orodha ya shughuli za hatari ndogo zisizolazimika kwa kawaida kuweka daftari la majeraha ya kazini, na kwa sababu hiyo hazilazimiki pia kuwa na daftari la majeraha ya vitu vyenye ncha kali, lililotokana na sheria ya mwaka 2000 kuhusu kuchomwa sindano. Sindano ya ganzi huweza kutumika zaidi ya mara moja kwa mgonjwa yuleyule katika kikao kimoja, hivyo hufunikwa tena: kifuniko hulazwa kwenye trei na kuchotwa kwa ncha ya sindano kwa mkono mmoja, ili mkono wa pili usichomwe. Anayeteleza katika hatua hiyo ana haki ya kupimwa, lakini jeraha lake halionekani katika hesabu ambazo hutumiwa baadaye kudai kwamba hatari ni ndogo.

Waandishi wa kanuni ya OSHA ya vimelea vya damu ya tarehe 6 Desemba 1991 walikuwa imara zaidi. Walishika msingi wa tahadhari kwa wote, yaani damu ya kila mgonjwa, pamoja na mate katika tiba ya meno, ihesabiwe kuwa ina vimelea bila kumuuliza mtu hali yake, na wakamtaka mwajiri atoe chanjo ya homa ya ini B bila malipo ndani ya siku 10 za kazi. ADA ilipokwenda mahakamani, wengi wa majaji katika jopo la Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Saba, akiwemo Jaji Richard Posner, walikataa mwaka 1993 kuwaondoa madaktari wa meno katika kanuni hiyo.

OSHA iliondoa sehemu kubwa ya kanuni ya UVIKO-19 tarehe 27 Desemba 2021, lakini fikra iliyozaa msamaha haijafutwa. Kanuni yoyote ijayo kuhusu magonjwa ya hewa inapaswa kuanzia pale ilipoanzia ile ya 1991, na kliniki za meno ziondolewe katika orodha ya hatari ndogo, kwa sababu usalama wa msaidizi hauwezi kutegemea kumbukumbu na ukweli wa mgonjwa aliyeulizwa mlangoni.